Kiasi gani? Swali la mtoto wa mbwa wa Gungu

Leo naomba tuiweke siasa pembeni tuzungumze habari za mbwa. Tena mbwa mwenyewe mtoto, na habari yenyewe ni ya tumbo lake na kile kinachotoka baada ya kula. Kama uko mezani, maliza kwanza, nitakusubiri.

Sisi waandishi wa habari siku ya kwanza darasani tunakaririshwa maswali ya kumuuliza mtu: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Tunayaimba mpaka yanatuota kichwani. Kuna moja huwa tunalisahau, nalo ni kiasi gani. Mkubwa akisimama akasema fedha zimetengwa, tunaandika fedha zimetengwa, tunakwenda kunywa chai. Sasa swali hilo hilo, kiasi gani, nusura limmalize mtoto wa mbwa mmoja hapa Gungu katikati ya mwaka 2024, na waliokuwa wakimmaliza walikuwa ni watu wanaompenda.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: ukitoka Kigoma mjini ukapanda Mwanga, ukashika upande wa kuelekea Mwandiga, unaipata Gungu. Chini yetu ziwani ni Kibirizi, kule boti za kwenda Gombe zinakoondokea na dagaa wanakoanikwa. Mimi nimepanga chumba katika nyumba ya ua, zile za vyumba vingi, jiko la pamoja na bomba moja. Tuko familia tano na makapera wawili. Mwezi Mei mwaka huo, baada ya wezi kuingia usiku na kuondoka na betri ya pikipiki na sufuria mbili, mama mwenye nyumba alikwenda kwa mdogo wake Kibirizi akarudi na kijibwa cha kike, wiki saba hivi, rangi ya udongo. Watoto wakamwita Karabai kwa sababu ya macho yake, kama zile taa za wavuvi za zamani.

Mtoto wa mbwa wa wiki saba au nane ndiyo kwanza ametoka kwenye ziwa la mama yake. Anaanza kulamba chakula kigumu akiwa na wiki tatu hadi nne, na inashauriwa aachane na mama yake akifika wiki ya nane. Tumbo lake lina ukubwa wa kukaa kiganjani. Lakini mwili wake unajengwa kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo kwa kila kilo moja anahitaji nguvu nyingi kuliko mbwa mkubwa, kiasi cha mara mbili hadi tatu. Angalieni mtego huo: anahitaji kingi, na pa kukiweka ni padogo. Ndiyo maana anatakiwa kula mara nyingi, kidogo kidogo. Mara nne kwa siku mpaka afike miezi mitatu, mara tatu mpaka miezi sita, halafu mara mbili maisha yake yote.

Desturi yetu wengi ni kinyume kabisa. Mbwa anakula mara moja, usiku, ukoko na makombo yote ya nyumba yakimwagwa kwa pamoja, halafu tunasema mbwa huyu mlafi. Hivi wewe ukikaa na njaa tangu asubuhi mpaka saa tatu usiku, sahani ikija utakula kwa adabu?

Kwa Karabai tatizo lilikuwa jingine. Kila mtu katika ua alimpa chakula, na kila mtu aliamini ni yeye peke yake anayempa. Wiki ya kwanza alikuwa na furaha, tumbo duara kama tikiti. Mama mwenye nyumba akawa anajisifu kwa majirani, "Mnaona? Huyu hana shida." Wiki ya pili akaanza kuhara. Alihara uani, alihara barazani, alihara kwenye kiatu cha mwalimu anayekaa chumba cha mwisho. Ua wenyewe ni ule ambao watoto wanne wanacheza wakiwa peku, na mama zao wanakaa chini kuchambua dagaa. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akatangaza kwamba ikifika Jumapili hali ni ile ile, mbwa anarudi Kibirizi. Tulijua maana yake. Kule walishapunguza watoto kwa sababu hawana cha kuwapa.

Sababu zikawa nyingi kama vyumba. Kijana wa bodaboda akasema wezi wamemtegea sumu. Mwalimu akasema asipewe chochote siku mbili, tumbo lipumzike. Mama mmoja akataka kumnywesha dawa ya tumbo ya watu iliyobaki kabatini, nusu kidonge, "maana na yeye ni mdogo." Mzee wetu wa chumba cha kwanza, mtu wa Ujiji, mswalihina, ambaye mbwa hamgusi na hataki amguse, ndiye aliyesema neno la maana kuliko sisi wote: "Muiteni mwenye elimu yake."

Akaja bwana mifugo. Nilidhani atafungua mkoba atoe sindano. Badala yake akavuta kigoda akaanza kuuliza kama mimi ninavyopaswa kuuliza. Anakula nini? Saa ngapi? Nani anampa? Kiasi gani? Tukatazamana. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayeweza kulijibu lile la mwisho.

Wakati akimpima, nilichukua daftari nikapita chumba kwa chumba. Majibu ninayo mpaka leo. Alfajiri: uji wa mahindi na maziwa ya ng'ombe, kikombe kizima, kutoka kwa mama mwenye nyumba. Saa nne: vitumbua vilivyoungua. Mchana: ugali wa muhogo uliochovywa kwenye mchuzi wa mawese, kutoka kwa watoto wa fundi cherehani, kila mtoto akimega lake. Saa kumi: maharage. Magharibi: uji tena, safari hii wa mwalimu. Usiku: mifupa ya kuku na chipsi kutoka kwa bodaboda, na baadaye kidogo ukoko wa nyumba nzima. Milo saba. Kijibwa cha kilo tatu!

Mtaniuliza, dagaa wako wapi, mbona tuko Kigoma? Swali zuri. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu Kibirizi na Katonga, taa zikazimwa, na dagaa waliobaki madukani bei ikapanda juu ya vichwa vyetu. Karabai alitoka Kibirizi akiwa amezoea uji wenye dagaa waliopondwa. Alipofika kwetu, ndani ya siku moja dagaa wakaondoka, yakaja maharage, maziwa na mafuta. Na hilo nalo ni kosa kwa tumbo la mtoto wa mbwa. Vijidudu vinavyoishi ndani ya utumbo na kusaidia kusaga chakula vinazoea kile wanachopata. Ukibadilisha, badilisha kwa wiki nzima: robo ya chakula kipya kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu.

Sasa niwaeleze kile alichotueleza bwana mifugo, na nyongeza ya niliyoyasoma baadaye, maana mambo haya yalinikamata.

Utumbo mwembamba una kasi yake ya kusaga na kunyonya. Ukimwaga chakula kuliko kasi hiyo, kinachobaki kinasukumwa mbele kikiwa hakijasagwa, kinaingia utumbo mpana. Kule bakteria wanakipokea kwa shangwe, wanakichachua, gesi inajaa, na mabaki yale yanavuta maji kuyaingiza utumboni. Matokeo ni kinyesi laini, kingi, mara nyingi. Mtu anaona mbwa anahara na kukonda, anasema hajashiba, anaongeza chakula. Anahara zaidi. Naam, mduara huo unazunguka mpaka mnyama anaishiwa maji.

Maziwa ya ng'ombe ndiyo yanatupotosha kuliko yote, kwa sababu picha ya mtoto na maziwa imetukaa kichwani. Mtoto wa mbwa akishaacha kunyonya, kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, laktosi, kinapungua mwilini mwake. Sukari isiyosagwa inavuta maji. Wengine wanavumilia kidogo, wengi wanahara. Mawese nayo ni chakula chetu na sioni haya kuyasifia, lakini mafuta mengi kwa kijibwa yanaharisha na yanaweza kuvimbisha kongosho. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, inaweza kutoboa utumbo. Kijana wa bodaboda aliposikia hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye sumu."

Bwana mifugo alivuta ngozi ya shingo akaiachia, ikarudi upesi, maana yake maji mwilini hayajapungua sana. Akatazama ufizi, ulikuwa mwekundu laini. Hakuna damu kwenye kinyesi, hakuna kutapika, na mgonjwa mwenyewe alikuwa akijaribu kula kamba ya kiatu chake. Hapo ndipo alipotabasamu. Akatuambia kwamba mtoto wa mbwa anayehara damu yenye harufu kali, anatapika, amelegea na amekataa chakula, huyo msikae naye kusubiri Jumapili. Huenda ni kirusi cha parvo, ugonjwa uliojitokeza duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao unaua watoto wa mbwa wasiochanjwa ndani ya siku chache. Yule anataka maji ya dripu na daktari siku hiyo hiyo. Chanjo yake inaanza akiwa na wiki sita hadi nane na inarudiwa. Ya kichaa cha mbwa anapewa akifika miezi mitatu.

Minyoo alisema asingetafuta, angetibu tu. Karibu kila mtoto wa mbwa anazaliwa nayo au anainyonya kwenye maziwa, kwani minyoo ile mikubwa ya mviringo inavuka kutoka kwa mama yake kabla hajazaliwa. Dawa inaanza wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka miezi mitatu. Lile tumbo la tikiti tulilolishangilia, kumbe sehemu yake ilikuwa minyoo. Na mayai yake yakitoka na kinyesi yakakaa kwenye udongo wiki kadhaa, mtoto wa binadamu akitia mkono mdomoni anayameza, na viluwiluwi vyake vinaweza kusafiri mwilini hadi jichoni. Mama wa watoto wale wanne alisimama akaenda kuchukua jembe. Tangu siku ile kinyesi cha Karabai kinafukiwa siku ile ile.

Kuhusu shauri la mwalimu la kumfungisha siku mbili, alilikataa kabisa. Mbwa mkubwa anaweza kupitisha muda bila kula, lakini kijibwa kidogo akiba yake ya sukari mwilini ni ndogo, kikikaa na njaa kutwa kinaweza kuanguka. Akaagiza wali laini uliopikwa kwa maji mengi, samaki mweupe wa kuchemsha asiye na mafuta wala miba, vijiko viwili vitatu kila baada ya saa chache, maji safi muda wote. Siku mbili tu. Halafu turudi kwenye chakula chake, kwa kipimo.

Kipimo! Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Kuna hesabu ambayo madaktari wa mifugo duniani wanaitumia. Inaanza na uzito wa mnyama, na kwa mbwa wa kilo tatu inakupa kama kilokalori 160 za kumweka hai akiwa amelala tu. Kwa mtoto wa chini ya miezi minne unazidisha mara tatu, unapata 480 kwa siku. Unga wa mahindi una kilokalori 360 hivi kwa kila gramu 100. Dagaa wakavu wana kama 300 na ushee, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Nilikaa na kalamu, nikapata gramu 90 za unga kabla haujasongwa na gramu 50 za dagaa. Kwa siku nzima, jamani, kwa siku nzima, igawe mara nne. Unga gramu 90 ukisongwa ni kama ngumi mbili za mtu mzima. Gawanya ngumi mbili kwa nne. Ndiyo sahani ya Karabai.

Dagaa nilimkumbatia kwa sababu analiwa mzima, na vile vijifupa vyake laini ndiyo chokaa ya kujengea mifupa. Mwenye kumpa mbwa nyama tupu anamnyima chokaa hiyo bila kujua. Ila dagaa wa kuanikwa mchangani waoshwe mara mbili tatu, waliotiwa chumvi waloweke na maji yamwagwe. Ugali wa muhogo peke yake ni tatizo, kwa kuwa protini yake ni kidogo mno, na mnyama anayeshiba wanga bila protini anaweza kuvimba tumbo huku anadhoofika. Mara moja moja kipande kidogo cha maini. Chakula hiki cha nyumbani hakifikii kile cha viwandani kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa, ambacho kina kila madini kwa mizani. Mwenye uwezo wa kukinunua akinunue, ila asome vizuri: kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko ni cha siku nzima. Nawajua watu Dar es Salaam, wasomi kabisa, wanaokitoa hicho kila mlo.

Mtu atasema mbwa ni mla nyama, ugali wa nini. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha katika jarida la Nature kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala kati ya 4 na 30 za jeni ya kusaga wanga, wakati mbwamwitu wana 2 tu. Yaani huyu mnyama amekaa na wakulima maelfu ya miaka mpaka tumbo lake limejifunza nafaka. Ugali ni haki yake.

Basi nikambeba Karabai kwenye kikapu mpaka duka la nafaka, nikaomba mzani wa kuning'iniza. Mwenye duka akanitazama mimi, akatazama kikapu, akauliza, "Unauza?" Watu wakacheka. Akampima. Kilo tatu na kidogo. Nikaomba tena anipimie gramu 50 za dagaa. Hapo kicheko kikakata. Mama mmoja aliyekuwa akinunua dagaa wa mia tano, wale wanaotiwa kwenye kipande cha gazeti, akasema taratibu, wala hakuwa na hasira: "Mwanangu, mwezi huu sisi tunahesabu dagaa mmoja mmoja, wewe unampimia mbwa kwenye mzani?"

Sina jibu zuri la kumpa mama yule, na sikumpa. Ziwa limefungwa, mume wa mtu anakaa chini ya mwembe hana kazi miezi mitatu, halafu anapita kijana wa kalamu na mbwa kwenye kikapu. Nilisema "Samahani mama," nikaondoka. Lakini njiani nilipiga hesabu nyingine. Gramu 50 kwa siku, kilo moja inakwenda siku 20. Ile milo saba ya kwenye daftari langu, maziwa, vitumbua, maharage, chipsi, ilikuwa inakula zaidi ya mara mbili ya gharama hiyo, na yote ilikuwa inaishia barazani. Aliyekuwa akifuja chakula cha watu ni ule mkono usiopima. Mzani wa duka ulitupunguzia matumizi, ingawa ukitazamwa kwa nje unaonekana kama dharau. Mpaka leo naona pande zote mbili zina haki zake.

Vipimo vya gramu havikai kwenye jiko la familia tano. Hapa nampa heshima zake mzee wa chumba cha kwanza. Kwa madhehebu yake mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Alikuwa hana raha tangu siku ya kwanza kuona bakuli za jikoni zikienda na kurudi. Akatununulia kwa pesa yake bakuli la bati na kopo dogo, akasema, "Hivi ni vyake, visiingie jikoni." Akatukumbusha na yule aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Yeye alikuwa anatafuta tohara, sisi tukapata kipimo! Kwa sababu kopo lilikuwa moja na bakuli moja, tulipima gramu mara moja tu, tukakwaruza mstari kwa msumari: mpaka hapa, basi. Bakuli likiwa ndani kwa mama mwenye nyumba, ameshakula. Likiwa kwenye msumari ukutani, bado. Watoto wakatunga wimbo wake, siwezi kuuandika hapa.

Kinyesi kikashikamana siku ya nne. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kukiokota kwa karatasi kisiache alama chini. Kikiwa kigumu mwanzo na laini mwishoni, punguza chakula kidogo. Na mbavu: pitisha vidole ubavuni, uzihisi bila kubonyeza, lakini usizione kwa mbali. Ukimtazama kutoka juu awe na kiuno. Hesabu yangu ya kilokalori ni ya kuanzia tu. Mbwa mmoja na mwingine wa uzito ule ule wanaweza kutofautiana sana, na anayekuambia tarakimu ni amri hajawahi kufuga.

Na hata tumbo likiwa zima, kuzidisha kuna gharama yake. Marekani kampuni ya Purina ilifuatilia mbwa 48 aina ya Labrador, jozi za ndugu, tangu wakiwa na wiki nane mpaka kufa. Ndugu mmoja alipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Si kwamba walinyimwa, walikuwa na mwili wa kawaida. Wale wengine ndio walikuwa wanene, na kama wangekuwa Gungu tungesema wametunzwa.

Kabla sijasahau, jambo moja naomba mlichukue kwa uzito. Kulikuwa na unga umeingia ukungu stoo, na mtu akasema kwa nia njema, "Usitupwe, asongewe mbwa." Hapana. Ukungu wa mahindi ndio unaotoa sumukuvu. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 kule Makueni, Kitui na jirani zake, na kwetu mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Mbwa ini lake halihimili sumu hii hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2020 kule Marekani chakula cha mbwa cha dukani chenye sumukuvu kiliua mbwa kadhaa wa kadhaa. Unga usiofaa kwako haufai kwake, na kuupika hakuiondoi.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Usiku ule taa zilirudi majini, ukisimama mwinuko wa kuelekea Kibirizi unaona kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Karabai alikuwa ametimiza miezi minne na ushee, kilo saba, anabweka mpaka pikipiki ya mwenye nyumba. Tulipomrudisha kwenye mzani, mwenye duka hakuuliza tena kama nauza. Akishapita miezi minne hesabu inazidishwa mara mbili badala ya tatu, kwa hiyo nilipata kama kilokalori 600. Yaani uzito umepita mara mbili ya ule wa mwanzo, na chakula kimeongezeka kwa robo tu. Mama mwenye nyumba hakuamini, akadhani namnyima. Nikamwambia ashike mbavu mwenyewe. Akashika, akasikiliza kama anapima mapigo ya moyo, akasema sawa. Tukakwaruza mstari wa pili kwenye bakuli, juu kidogo ya ule wa kwanza, na milo ikawa mitatu.

Kijana wa bodaboda bado anarudi usiku na kifuko cha chipsi. Anakaa kizingitini, Karabai anakaa mbele yake, wanatazamana. Halafu anakula zote mwenyewe, huku akimwomba radhi.